Tone la oili Miburani: Mashine ya kusaga inapovuja, nani anaumia?

Ukitaja Mafia, wengi hufikiria papa potwe, yule samaki mkubwa mpole anayewaleta watalii katika ghuba ya Kilindoni kati ya Oktoba na Machi. Wengine watakutajia magofu ya Kua katika Kisiwa cha Juani, popo wakubwa wa Chole, au Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Vyote hivyo vipo na vinapendeza. Lakini ukikaa Mafia siku chache bila kuwa mtalii, utagundua kwamba kinachopanga siku ya akina mama ni mashine ya kusaga.

Miburani ni moja ya kata nane za Wilaya ya Mafia, mkoani Pwani. Huku minazi ni mingi kuliko nguzo za umeme, udongo ni mchanga, na visima havihitaji kuchimbwa kwenda mbali kabla ya kukutana na maji. Asubuhi utasikia majogoo, kisha adhana, kisha bodaboda za kwanza. Saa mbili hivi inaanza sauti nyingine: tu-tu-tu-tu ya injini ya dizeli ya silinda moja. Sauti hiyo ikisikika, watoto wanatumwa na ndoo za mahindi. Isiposikika, mama anaanza kupiga hesabu upya.

Nilikwenda Miburani kuandika habari za lishe ya watoto. Nikajikuta natumia siku nzima nikimtazama fundi akibadilisha sili ya oili iliyokuwa ikivuja. Kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyoona kwamba habari ya lishe niliyoifuata ilikuwa palepale, sakafuni, chini ya injini.

Kopo chini ya injini

Mashine yenyewe imo ndani ya banda la matofali lililoezekwa kwa bati. Upande mmoja kuna kinu cha kusagia, upande wa pili injini, na katikati mkanda mrefu unaoviunganisha. Husaga mahindi ya ugali na uji, muhogo mkavu, na mchele wa vitumbua na mkate wa kumimina. Mwezi wa Ramadhani na siku za kuelekea Idi, foleni hutoka hadi nje.

Chini ya injini palikuwa na kopo la rangi lililokatwa. Kila baada ya sekunde kadhaa, tone jeusi lilianguka humo. Pembeni ya kopo sakafu ilikuwa nyeusi na laini kama imepakwa mafuta ya nazi. Mama mwenye mashine aliniambia kopo hilo lilikuwa hapo tangu kabla ya mwezi wa Ramadhani.

"Mwanzo lilikuwa tone moja moja, mwanangu. Tukasema litaacha. Sasa kila siku naongeza oili, na oili ni pesa."

Hapo ndipo mchezo ulipo. Injini inayovuja haizimi siku hiyohiyo. Inaendelea kusaga, watu wanaendelea kula, na kopo linakuwa sehemu ya samani. Siku mtu akisahau kuongeza oili, vyuma vinasagana vikavu, vinapata moto na kukamatana. Hapo hasara inahama kutoka sili ya shilingi elfu chache hadi injini nzima.

Na injini ikifa, anayepata taabu si mwenye mashine peke yake. Bibi mmoja aliyekuwa kwenye foleni alinieleza kilichotokea mashine iliposimama kwa wiki mbili mwaka uliotangulia. Wenye nauli walipeleka mahindi Kilindoni kwa bodaboda. Wasio na nauli walirudi kwenye kinu na mchi.

"Kutwanga si kazi ya kumwachia mama mwenye mtoto mchanga, mjukuu wangu. Mikono inauma, maziwa yanakauka kwa uchovu, na mtoto analia mgongoni."

Kitaalamu, uchovu peke yake haukaushi maziwa. Lakini mama asiyepata nafasi ya kukaa akanyonyesha mara kwa mara, maziwa yake hupungua kweli, kwa sababu mwili hutengeneza maziwa kadiri mtoto anavyonyonya. Bibi alikuwa ameona jambo sahihi kwa macho yake.

Spea inayovuka maji

Kwa nini sili ndogo ikae miezi bila kubadilishwa? Jibu ni bahari.

Duka la spea la Kilindoni halikuwa na sili ya saizi ile. Fundi akapiga picha, akaituma kwa simu kwa mtu wake wa Gerezani, Dar es Salaam. Sili ikapanda basi hadi Nyamisati, wilayani Kibiti, kisha ikavuka maji hadi Kilindoni, kisha bodaboda hadi Miburani. Ilipofika, haikuingia. Mara ya kwanza walikuwa wamepima kwa futi ya cherehani. Ikabidi safari ianze upya.

Sili yenyewe ilikuwa shilingi 8,000. Ukijumlisha nauli ya mzigo, bodaboda na oili iliyomwagika kwa kusubiri, bei yake ilikuwa imepanda mara kadhaa.

Kusubiri spea kutoka Dar es Salaam upande huu wa pwani si jambo la jana wala juzi. Septemba 20, 1914, mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus huko Zanzibar. Muda mfupi baadaye mitambo yake ikaharibika. Ikajificha kwenye delta ya Rufiji, ng'ambo ya pili tu ukitazama kutoka Mafia, na vipande vilivyoharibika vikasafirishwa nchi kavu hadi Dar es Salaam vikatengenezwe, kisha virudishwe. Wakati hayo yakiendelea Waingereza waliigundua na kuziba njia za kutokea. Januari 1915 wakaiteka Mafia, wakaitumia kurushia ndege za kuipeleleza, na Julai 11, 1915 manowari ile ikaishia kwenye matope ya Rufiji.

Fundi alicheka nilipomsimulia. "Kumbe hata Mjerumani alisubiri spea," akasema, akaendelea kulegeza nati.

Kazi ilivyofanyika

Sili ya oili ni pete. Nje ina chuma, ndani ina mdomo wa mpira, na nyuma ya mdomo kuna springi nyembamba inayoubana mpira kwenye krenkshafti, ule mhimili mzito unaozungushwa na pistoni. Mhimili lazima utoke nje ya injini ili uzungushe mkanda. Oili lazima ibaki ndani. Pale mhimili unapotokea, mlinzi wa mlango ni sili.

Kwanza fundi alizima injini na kuiacha ipoe kabisa. Kisha akawatoa watoto wote bandani. Akakamua oili ya zamani kwenye dumu lenye mfuniko, akafungua mkanda, akabaki na flaiwili, lile gurudumu zito la chuma linaloifanya injini izunguke bila kukatakata.

Nati ya flaiwili ndiyo iliyochukua muda. Ilikuwa imeshika kutu ya chumvi. Hakuipiga nyundo ovyo. Aliinyoosha kwanza washa iliyokunjwa kuifunga nati isilegee, akapaka mafuta ya taa, akanywa chai, akarudi. Ilipolegea aliiacha ibaki kwenye nyuzi zake chache, akafunga chombo cha kuvutia na kukaza kidogo kidogo. Flaiwili ikaachia kwa mlio mmoja mkavu. Ile nati iliyoachwa makusudi ndiyo iliyoizuia isimwangukie miguuni. Vijana wawili wakaibeba pamoja na kuilaza chini.

Sili ya zamani ilipotoka, alinipa niishike. Mpira ulikuwa mgumu kama kucha, na una nyufa. "Huu umepikwa na moto, dada," alisema. Akasoma namba zilizoandikwa ubavuni. Ukikuta 50-70-10, kwa mfano, maana yake ni milimita 50 kwa tundu la ndani, 70 kwa upana wa nje, na 10 kwa unene. Hizo ndizo namba za kutuma Gerezani. Zikifutika, pima kwa kipimo cha mafundi kinachosoma milimita. Futi ya cherehani ibaki kwa fundi nguo.

Kisha akapitisha ukucha wake juu ya mhimili, mahali ambapo mdomo wa sili ulikuwa ukisugua. Akasimama. Akaniambia nami nipitishe. Palikuwa na mfereji mdogo, mwembamba kama uzi, unaozunguka mhimili wote. Sili mpya ikikaa palepale, mdomo wake utaangukia kwenye mfereji huo na oili itapita kama kawaida. Akalainisha kingo za mfereji kwa msasa laini, akizungusha kufuata mviringo, akafuta chembe zote kwa kitambaa safi. Akasema sili mpya ataiweka ndani zaidi kwa milimita mbili, ili mdomo upate chuma kizima cha kukalia.

Akapaka oili safi kwenye mdomo wa sili. Akazungushia karatasi laini ya nailoni pale penye mfereji wa kii, kile kipande cha chuma kinachoifunga flaiwili isiteleze, kwa sababu kingo zake ni kali na zinaweza kuukata mpira mpya wakati unapita. Upande wenye springi ukatazama ndani, kwenye oili. Akaisukuma kwa kipande cha bomba kinacholingana na sili, akigonga taratibu kuzunguka pande zote, isiingie upande.

Ilichukua dakika tano kuiweka. Saa nne zilikuwa zimekwenda kwenye kuifikia.

Sili haivuji bila sababu

Nilidhani kazi imekwisha. Mama mwenye mashine naye alidhani hivyo, maana alishaanza kufagia. Fundi akasema bado.

"Ukiona sili imetema, uliza nani aliisukuma."

Akaenda kwenye bomba la kupumulia, tundu dogo linaloiruhusu injini itoe gesi zinazopenya kutoka kwenye silinda. Alilifungua, akalipuliza kwa mdomo. Hewa haikupita. Ndani kulikuwa na ugoro mweusi wa oili na unga ulioshikamana kama ubani. Miaka ya vumbi la mahindi ilikuwa imeliziba. Gesi zilikosa pa kutokea, zikajaa ndani, zikaisukuma oili itafute mlango dhaifu. Mlango dhaifu ulikuwa sili.

Akatazama na mambo mengine matatu. Mkanda ulikuwa umekazwa kupita kiasi, ukiuvuta mhimili upande mmoja. Oili ilikuwa ikijazwa kupita alama ya juu ya kijiti cha kupimia, kwa hofu kwamba itaisha. Na bering, akaitikisa, akaridhika kwamba bado haijalegea. Kama ingekuwa imelegea, mhimili ungecheza na hakuna sili ambayo ingedumu.

Hili linanikumbusha wodi za watoto. Mtoto ana homa, anapewa dawa ya kushusha homa, inashuka, jioni inarudi. Mzazi anaongeza dawa. Malaria au nimonia iliyoileta homa hiyo inaendelea na kazi yake. Dawa ya homa ina nafasi yake, kama sili mpya ilivyo na nafasi yake. Lakini bila kupima na kujua chanzo, kesho mnarudi palepale mkiwa mmechelewa zaidi. Fundi huyu alipima.

Oili chafu ilikokuwa ikienda

Swali langu kama mwandishi wa afya lilikuwa jingine: lile kopo likijaa, linamwagwa wapi?

Majibu yalikuja mengi. Wengine walipaka mbao zisiliwe na mchwa. Kijana mmoja aliipaka mbwa mwenye ukurutu. Iliyobaki ilimwagwa nyuma ya banda, kwenye mchanga. Mama mmoja alisema aliwahi kumpaka mwanawe kwenye kidonda cha mguu, kwa kuwa aliambiwa inakausha.

Mzazi mwenzangu, hapo tusimame kidogo. Oili iliyotumika kwenye injini si ile iliyotoka dukani. Imeungua, imebeba chembe za vyuma vilivyosagika na kemikali za moshi, baadhi zikiwa za kundi linalosababisha saratani. Ikigusa ngozi mara kwa mara huleta muwasho, vipele na mipasuko. Kwenye kidonda haiui vijidudu. Inazuia kidonda kusafishika. Kidonda huoshwa kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, hufunikwa kwa kitambaa safi, na kikiwa kirefu au kina usaha, mtoto hupelekwa zahanati.

Ile ya nyuma ya banda ndiyo iliyonitia hofu zaidi. Kwenye mchanga wa Mafia hakuna udongo mzito wa kuizuia. Mvua ikinyesha, sehemu yake hushuka kuelekea maji yaleyale ya visimani. Afadhali ikusanywe kwenye dumu lenye mfuniko, liandikwe, liwekwe mbali na watoto na kisima, kisha lipelekwe kwenye gereji au kwa wanunuzi wa oili chafu.

Kulikuwa na njia ya tano ambayo hakuna aliyeitaja, nami niliiona. Unga ulipomwagika karibu na kinu, mtoto wa miaka kama saba aliukusanya kwa kiganja na kuurudisha kwenye ndoo. Sakafu ni ileile nyeusi. Jioni ule ungekuwa uji wa mdogo wake. Unga uliogusa sakafu ya mashine hautufai, hata kama ni kilo nzima. Wape kuni za jiko, usiwape watoto.

Chupa ya soda si ya dizeli

Kwenye kona ya banda palikuwa na chupa tatu za soda. Moja ilikuwa na maji ya kunywa ya vijana, mbili zilikuwa na dizeli na mafuta ya taa. Kwa mbali zinafanana.

Mtoto mdogo akiona chupa ya soda, anajua ni soda. Akinywa dizeli, petroli au mafuta ya taa, hatari kubwa iko kwenye mapafu: tone dogo likiingia njia ya hewa laweza kuleta nimonia kali. Kwa hiyo usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula ili “kupooza”. Mtu anapotapika, mafuta hupita tena kooni na kupata nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, mkalishe wima, mpeleke kituo cha afya mara moja pamoja na ile chupa. Mpeleke hata kama anacheza, maana kikohozi na kuhema vinaweza kuja saa kadhaa baadaye. Kwa watu wa Miburani, hospitali ya wilaya ipo Kilindoni.

Moshi nao si wa kuzoea. Mwaka 2012, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Bomba la moshi litoke nje ya banda, juu ya vichwa vya watu, mbali na wanapokaa akina mama wenye watoto wachanga. Bomba hilo pia huwa la moto. Mtoto akiungua, mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na oili viache.

Na mkanda? Mkanda hauna huruma na kanga. Ncha ya kanga, ushungi au shuka la kubebea mtoto likinaswa, hakuna mkono utakaowahi kulichomoa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka sehemu za mashine zinazozunguka zizibwe. Miburani, kizibo chake kinaweza kuwa fremu ya mbao na wavu wa waya. Fundi alisema ni kazi ya nusu siku kwa seremala yeyote.

Kabla ya kumtuma mtoto mashineni

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Mtume mtoto mkubwa, mwenye viatu, na umwambie asubiri nje hadi aitwe. Ndoo iwe na mfuniko. Kanga ifungwe vizuri kabla ya kuingia. Ukiona kopo chini ya injini, uliza kwa upole limekaa muda gani. Mwenye mashine akisema anasubiri pesa ya sili, wateja kumi wanaweza kulipia kusaga mapema ili sili inunuliwe. Ndivyo walivyofanya akina mama wa Miburani baada ya ile saizi ya kwanza kukosea, na ndiyo sababu ya pili ilifika.

Saa kumi jioni injini iliwashwa bila mkanda, ikaachwa izunguke peke yake. Fundi alichuchumaa na tochi ya simu, akatazama pale mhimili unapotokea kwa dakika 15. Pakavu. Akafunga mkanda, akaubonyeza kwa kidole gumba kuhakikisha unalegea kidogo, akawaita wenye ndoo.

Kabla ya kuondoka, aliandika kwa chaki ukutani namba za ile sili, tarehe, na maneno manne: “Safisha bomba la kupumulia.” Mama mwenye mashine akamwomba aongeze chini yake, kwa herufi kubwa, kwamba watoto wasiingie ndani.